Magari ya Obadiah Yalivyozidi Kukua

Kwanza tuelewane: kaka yangu Obadiah Mwandawiro hakuwa akitengeneza vitu vya watoto. Ukimwambia "hiki kidude chako ni kizuri", angekunyang'anya, akakirudisha kwenye rafu, na chai usipewe. Yalikuwa magari. Madogo, ndiyo, lakini magari, yenye milango inayofunguka kwa bawaba za pini na usukani unaogeuza magurudumu ya mbele.

Kazi yake hasa ilikuwa udereva. Aliendesha lori la tajiri mmoja wa Voi, Bedford la kijani, akienda Taveta kuleta ndizi. Hiyo ni miaka ya sabini, na barabara ile ilikuwa vumbi tupu, Mwatate, Maktau, Mbuyuni, tembo wakivuka wanapotaka. Obadiah alipenda kusema kwamba anaijua kwa matako. Kila shimo lilikuwa limemrusha kitini mara nyingi mno hata akalitambua kabla ya kulifikia. Nyumbani kwetu Mbololo hakuna aliyemwita Obadiah tena. Mama yetu mzazi mwenyewe alimwita Dereva.

Siku asizokuwa na safari alikaa nyuma ya nyumba yake pale Voi na jiko la makaa, mkasi wa mabati na mikebe ya mafuta ya kupikia, ambayo wifi yangu Jerusha alilazimika kuificha ikiwa bado ina mafuta. Magurudumu aliyakata kwenye slipa zilizokwisha. Vioo vilikuwa ile plastiki inayofunga shati jipya. Taa za nyuma alizipaka rangi ya kucha, tena yangu mimi, Lois, bila kuniomba. Mabati aliyaunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa, na ukitazama huoni ilipopita.

Kipimo chake kilikuwa inchi moja kwa futi mbili, na juu ya hilo hakuwa na mzaha. Alitembea na utepe wa fundi cherehani mfukoni. Gari geni likisimama kwenye kituo cha petroli, ungemkuta amepiga magoti akipima kutoka taa hadi taa, huku watalii wa Tsavo wakimtazama kwa mashaka wakidhani anatafuta cha kuiba. "Gari likipotoka kipimo," alikuwa akisema, "hilo si gari, ni mkebe." Peugeot 404 yake ilikaa kwenye viganja viwili, na namba zake, alizoziandika kwa unywele wa mbuzi uliofungwa kwenye njiti ya kiberiti, zilisomeka zote.

Halafu magari yakaanza kukua.

Ilianza na Land Rover moja aliyoitengeneza kwa inchi moja kwa futi moja. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba kile kipimo cha zamani kilikuwa cha mtu anayejifunza. Likafuata basi ambalo rafu ilikataa, likawekwa chini ya kitanda. Mwaka uliofuata akaunda trela kubwa kuliko mwanambuzi, likakaa sebuleni, na wageni wakawa wanaliruka wakienda kukaa. Sisi ndugu tukasifu sana. Kaka amepanda cheo, tukasema. Hata kasisi alikuja kuliona.

Jerusha hakusifu. Huyu wifi yangu ni mtu wa maneno machache, na nilipokuwa msichana nilidhani ana maringo. Lakini ni yeye aliyefuta vumbi kwenye magari yale kila wiki, moja baada ya jingine, kwa kitambaa chenye unyevu, kwa hiyo aliyajua kuliko mwenyewe. Aliona kwamba kwenye ile Land Rover namba zilikuwa zimenenepa. Aliona risasi imemwagika nje ya maungio, na mlango wa basi haufungi sawasawa. Na alipolitazama lile trela la sebuleni akaelewa jambo ambalo sisi wapiga makofi hatukuliona: mumewe alikuwa anatengeneza kile ambacho macho yake bado yanakifikia.

Hakutaka kuamini hivi hivi. Siku moja akiwa anapangusa, aliuchomoa usukani wa ile Peugeot kwa sindano, akautia mfukoni mwa gauni. Jioni mwalimu wa kwaya akaja kuwatembelea. Obadiah, kama ilivyo ada, akaishusha Peugeot yake kwenye rafu.

"Chungulia ndani, mwalimu. Hata usukani upo. Uzungushe kidogo uone magurudumu yanavyotii."

Mwalimu akachungulia. Akachungulia tena. Alikuwa mtu wa adabu sana, Mungu amweke.

"Naona, Dereva," akasema. "Kazi nzuri."

Jerusha akaenda jikoni akautoa ule usukani mfukoni, akautazama kiganjani.

Jumapili wakitoka kanisani alimwambia wazi.

"Baba Beth, macho yako hayaoni."

"Yana vumbi la Maktau. Dereva gani hana vumbi machoni?"

"Twende hospitali wakuangalie."

"Wakishaniangalia waandike nini? Mimi nikitoka kwa hilo lori nitaitwa nani?"

Hakupaza sauti. Alichukua sahani yake akaenda kula nje, na kwa muda mrefu baada ya hapo mazungumzo yao yakawa ni chumvi iko wapi na maji yamechemka. Kaka yangu alikuwa mkaidi, nasema hivyo nikijua ni damu yangu. Lakini namwelewa pia. Alitoka Mbololo akiwa mchunga mbuzi wa watu, na udereva ndio uliomfanya asimame mbele ya wanaume wenzake. Ila wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hiki hakingekuwa chake peke yake. Juu ya zile ndizi walikuwa wakipanda watu.

Jerusha akamwendea Kituku, taniboi wa mumewe, yaani mwenzake wa kupakia na kufunga mizigo, Mkamba mmoja mtaratibu ambaye alikuwa na Obadiah miaka mingi. Alimkuta akiosha lori.

"Kituku, niambie ukweli. Mzee anaona?"

Kituku akaendelea kusugua tairi lililokwisha takata.

"Mama, jua likiwa mgongoni anaona kidogo. Ndiyo maana tunaenda Taveta asubuhi, tunarudi jioni. Jua liko nyuma yetu kwenda na kurudi. Hiyo ratiba aliomba yeye."

"Na kile kidogo kikimshinda?"

"Mimi namwambia. Mbuzi kushoto. Lori laja. Shika kulia. Yeye ni mikono, mimi ni macho. Na hatujagonga hata kuku."

"Siku ukisinzia je?"

"Mama, mimi nina watoto. Yeye akitolewa, mwenye lori ataleta dereva mwingine na taniboi wake." Akainua macho, na Jerusha akaona amekuwa akingoja siku nyingi mtu amuulize. "Silali usingizi, mama. Hata nyumbani silali."

Kwa hiyo walikuwa wawili wanaojua, na wote wawili walinyamaza. Jerusha angekwenda kwa tajiri, mumewe angefukuzwa siku hiyo hiyo na mji mzima ungejua kwamba ni mke aliyemuuza. Asingekwenda, angekaa akingoja siku ya kuletewa habari. Aliniambia kwamba miezi ile alijifunza kulitambua lile Bedford kwa mlio tangu likiwa linavuka reli, na kabla hajalisikia hakupakua chakula.

Ndipo akafariki mama mmoja wa kanisa letu aliyeolewa Taveta. Habari zilifika mchana, na maziko yalikuwa kesho yake asubuhi na mapema. Tajiri akajitolea lori. Kina mama tukakusanyika kituo cha petroli tukiwa na sare zetu, gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani, na vikapu vya unga na majani ya chai. Tulikuwa wengi, baadhi na watoto mgongoni. Saa kumi ikawa imefika, na kutoka Voi kwenda Taveta saa kumi jua liko usoni.

Jerusha alimvuta mumewe kando. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nimesimama mbele kabisa nyuma ya kibanda cha dereva, na niliwasikia, ingawa siku hiyo sikuelewa wanagombania nini.

"Leo mpe mtu mwingine aendeshe."

"Nani? Hili lori ni langu."

"Jua litakuwa usoni, Baba Beth."

Obadiah akashtuka, nilimwona. Hakujua kwamba mkewe anajua habari ya jua. Akavuta kofia yake chini.

"Kituku yuko."

"Hawa ni watu, si ndizi."

"Panda lori, mama. Unanichelewesha."

Nikamwona Jerusha anaondoka. Nikadhani amekasirika anarudi nyumbani, na nikasema moyoni, huyu mwanamke na maringo yake, hata msibani. Obadiah akaingia akawasha moto. Desturi yao ilikuwa kwamba Kituku akishafunga mlango wa nyuma hupiga bodi mara mbili, lori linaondoka polepole, naye anakimbia pembeni na kurukia ndani. Akapiga mara mbili. Lori likaondoka.

Jerusha alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele yetu, hatua chache tu. Hakuinua mkono. Hakuita. Mikono ameiweka tumboni na uso ametuelekezea, mzima katika gauni jeupe, na lori linamwendea.

Nilingoja breki. Sote tulingoja, maana nani hawezi kumwona mtu aliyesimama hapo? Breki haikuja. Gia ya pili ikaingia. Hapo nikaanza kupiga paa la kibanda kwa ngumi zote mbili, na kina mama wakapiga mayowe, na mimi nikapaza sauti kuliko wote:

"Simama! Simama, Dereva! Mama yuko barabarani!"

Lori likafunga breki kwa nguvu, tukaangukiana sisi na vikapu. Vumbi lilipopungua, bampa ilikuwa imegusa gauni la Jerusha. Hakuwa amerudi nyuma hata kidogo. Obadiah akatoa kichwa dirishani, akakunja uso kulitazama jua, akageukia upande wetu.

"Mama gani?" akauliza.

Tulimwangalia yeye, tukamwangalia mkewe pale mbele yake, na kila mmoja akaelewa kwa wakati wake, maana nilisikia kilio kikianza nyuma kabisa, cha mama mmoja tu. Kituku alikuwa amefika mlangoni. Akaushika mlango asiufungue, akainamisha kichwa.

Obadiah akazima moto. Akashuka. Akatembea akiwa ameweka kiganja juu ya bodi ya lori, mlango, tairi, taa, akaenda hivyo mpaka mkono wake ukafika kwenye bampa, na kutoka kwenye bampa ukagusa kitambaa.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, Baba Beth."

Mkono wake ukapanda mpaka begani kwa mkewe ukabaki pale. Mimi nilikuwa nimeshuka, nimesimama karibu nao.

"Umevaa nguo gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe yote?"

"Yote. Na kitambaa."

Nilidhani atampiga. Mungu anisamehe, hivyo ndivyo nilivyodhani, kwa vile uso wake ulivyokuwa. Alivua kofia, akatoa funguo mfukoni, akazinyoosha hewani bila kujua nani atazichukua. Kituku akaja akazipokea kwa mikono miwili. Kina mama wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakipitisha watoto chini, na wote walijitia hawatuoni.

"Basi nishike mkono," Obadiah akamwambia mkewe. "Hii barabara siijui kwa miguu."