Sahani ya Msafiri

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Nimechoka kuambiwa kwamba nilikuwa na njaa, kwamba nilipigwa na jua, kwamba nasoma vitabu vingi mno. Jua la Simiyu nimelikulia, na halijawahi kunivalia gauni langu. Jambo hili lilinitokea mimi, mchana kweupe, kwenye barabara ya kutoka Dutwa kuja Bariadi. Ushahidi ninao. Begi sina, pasipoti sina, na simu ya mama yangu inaita kutoka Ulaya, na anayeongea upande wa pili ni mimi.

Subiri. Nianzie mwanzo.

Nafanya kazi kwenye steshenari mjini Bariadi. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu za kuomba kazi. Mteja akiondoka tu, nilikuwa nafungua ramani. Kwa muda mrefu nilikuwa napanga safari ya kuzunguka Ulaya, mimi na begi langu la mgongoni, peke yangu. Niingilie Roma, nipande treni mpaka Ufaransa, nivuke Uhispania, nimalizie Lisboni, pale nchi inapokwisha. Nilijua majina ya stesheni nisizowahi kuziona kuliko nilivyojua majina ya majirani zetu. Mvua ikinyesha juu ya bati, mimi kitandani nilikuwa nasikia treni.

Na kila niliyemwambia aliniuliza swali lilelile: "Huko Ulaya unakwenda kwa nani?"

Siendi kwa mtu.

"Unakwenda kusoma?" Hapana. "Umepata mchumba?" Hapana. "Sasa unakwenda kufanya nini?" Kutembea. "Kutembea! Kwani hapa huna miguu?" Kisha wanacheka, wananitazama kama ndama aliyepotea zizi. Hasira niliyoimeza kipindi kile ingejaza mtungi. Kijana wa kiume akisema anakwenda kutafuta dhahabu asiyojua hata iko upande gani, anachinjiwa kuku na kuombewa. Mimi nikisema nataka kuiona dunia, naulizwa kwa nani.

Mama hakuuliza. Mama yangu ni mtu wa Sapiwi, mkulima wa pamba, hakosi kanisani Jumapili, na bado anayo mambo yake aliyoachiwa na bibi yake. Mojawapo ni sahani ya msafiri. Mtu wa nyumba yetu akisafiri mbali, kila jioni jua linapozama mama humpakulia ugali wake na mboga, huiweka sahani kizingitini, humwita jina mara moja, kisha hufunga mlango. Hufanya hivyo mpaka habari ije kwamba amefika. Asubuhi chakula kile hupewa mbwa. Binadamu hakigusi, hata awe na njaa ya namna gani, kwa sababu atakayekula sahani ya msafiri ndiye atakayeichukua safari. Nilipokuwa mdogo niliuliza, mbona basi mbwa hasafiri? Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu? Safari yake inaishia mnadani kwenye mifupa."

Kumbuka sahani hiyo. Kila kitu kimetokea humo.

Viza ilipotoka nilijifungia chumbani nikacheza bila muziki. Kabla ya kukata tiketi nikaamua kufanya mazoezi. Waliowahi kusafiri namna hiyo wote wanashauri hivyo: lijaze begi, litembeze, lizoee mabega yako. Nikapakia kila kitu kama siku yenyewe. Koti la mvua, sufuria ndogo, michembe ya mama, vile viazi vikavu vya kutafuna njiani, na pasipoti kwenye mfuko wa ndani, kwa kuwa mazoezi bila pasipoti ni matembezi tu. Simiyu ikawa Ulaya yangu. Migato ilikuwa Italia, Sapiwi Ufaransa, Dutwa Ureno. Uhispania niliamua kuipita nikiwa nimelala kwenye basi.

Alfajiri ya kuondoka mama alikuwa jikoni. Nikamwambia kupitia dirishani, begi likiwa tayari mgongoni.

"Mayu, nimekwenda. Usinipigie simu. Hesabu kama nimeshasafiri."

"Nihesabu umesafiri?"

"Ndiyo. Ni mazoezi tu."

Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.

Tafadhali shika neno hilo. Nilisema mazoezi.

Sitakudanganya, zilikuwa siku nzuri. Migato nilitembea kati ya mashamba ya mahindi yaliyokauka, upepo ukiyapekua majani yake, nikajiambia hivi ndivyo mashamba ya Italia yanavyoongea. Sapiwi nilipita mbele ya mlango wa mjomba wangu nikiwa nimeshusha kofia mpaka puani, nikaenda kulala kwenye chumba cha kukodi nyuma ya duka, maana Ufaransa sina mjomba. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila jua lilipozama, hata kama nilikuwa nimekula nikashiba, njaa ilikuwa inaniingia upya, ghafla, kama mtu amechota chakula ndani ya tumbo langu kwa mkono. Nikadhani ni uchovu. Wewe usingedhani hivyo?

Siku ya kurudi niliondoka Dutwa asubuhi kwa miguu. Kufika saa sita mkanda wa kushoto wa begi ulikuwa umenichuna bega. Nikavua begi, nikakaa juu ya kalavati la barabarani. Pamba ilikuwa imepasuka pande zote mbili, nyeupe mpaka macho yanauma. Hakukuwa na mtu. Halafu akawepo mtu.

Alikuwa mwanamke, anakuja kutoka upande wa Bariadi, mikono mitupu. Nililiona kwanza gauni. La njano, lenye kifungo cheusi nilichokishona mwenyewe baada ya kile cha njano kupotea. Gauni hilo nililiacha kwenye kamba ya nguo nyumbani. Nikasema moyoni, nani huyo ameiba nguo yangu? Niamini, hicho ndicho nilichokifikiria, wizi wa nguo. Alipofika karibu nikauona uso wake, na kovu la kidevuni nililolipata nilipoanguka na baiskeli, na pembeni mwa mdomo wake kipande kikavu cha ugali.

Saa sita mchana kila kitu kilikuwa kimekanyaga kivuli chake. Nguzo za umeme, vichaka, mimi. Yeye kivuli chake kilikuwa kirefu, kimelala juu ya lami mpaka kwenye pamba, kama kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni jua linapozama.

"Mwadila," akanisalimu. Ilikuwa sauti yangu, ileile ninayoichukia nikijisikiliza kwenye simu.

"Unakwenda kwa nani?" akauliza.

Swali hilo! Katika maswali yote ya dunia, hilo! Na mimi, kwa uchovu na hofu, badala ya jibu langu la siku zote nikajibu la kweli la saa ile. "Nyumbani. Kwa mama."

"Basi wewe una mtu wa kumwendea," akasema, bila kejeli hata kidogo. "Mimi siendi kwa mtu."

Akainama akachukua begi langu. Nilitaka kumshika, lakini mikono yangu ililala mapajani kama ya mgonjwa. Akaliweka mgongoni, akaingiza kidole gumba chini ya mkanda wa kushoto, vile vile ninavyofanya mimi. Basi la kwenda Mwanza likatokea nyuma yake. Akapunga mkono, likasimama, kondakta akashuka kumpokea mzigo. Hapo ndipo miguu yangu ilipofunguka. Nilikimbia. Nilimwita mwizi, mchawi, nilimwita majina ambayo mama akiyasikia hatanipa mkono wa amani kanisani. Kondakta akanitazama, akamtazama yeye.

"Mapacha nyie? Ugomvi wa nyumbani umalizieni nyumbani, dada."

Mlango ukafungwa.

Nilifika nyumbani kwa bodaboda. Mama alikuwa uani anaanika karanga, uso wake umejaa furaha ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa naongelea safari.

"Umesahau nini tena?" akauliza. "Si umetoka kuniaga sasa hivi?"

Yote aliniambia kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Kila jioni alinipakulia, akaniita, akafunga mlango. Kila asubuhi alikuta sahani imelambwa. Alidhani ni mbwa. Lakini mbwa alikuwa chini ya ghala tangu siku niliyoondoka, amekunja mkia, hatoki. Na mchana ule niliingia mimi, nimevaa gauni la njano, nikamwambia sasa safari imewadia.

"Mama, ule haukuwa uso wangu! Hukuona?"

"Ulikuwa uso wako."

"Sasa ulimbariki?"

"Alipiga magoti," mama akasema. "Hapo hapo uliposimama. Akaomba baraka, nikampulizia maji. Wewe uliniagia dirishani umesimama kama askari."

"Sikupiga magoti kwa sababu sikuwa nasafiri! Nilikuwa nafanya mazoezi!"

"Uliniambia nihesabu umesafiri. Nikahesabu."

Kituo cha polisi nilikwenda. Askari, kijana mwenye adabu, akaniuliza mwizi anafananaje. Akarudia swali kwa upole. Ungekuwa wewe ungejibu nini? Baadaye nilipofuatilia pasipoti nyingine, niliambiwa mwenye pasipoti hii ameshatoka nchini. Nikasema mwenye pasipoti ni mimi, niko hapa, nishike mkono. Wakanitazama kwa huruma. Huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Kisha simu ikaita. Tulikuwa tunabangua karanga, mimi na mama. Namba ndefu, ya nje. Mama akaweka sauti kubwa.

"Mayu, nimefika. Roma kuna mvua."

Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula."

"Mwenzako yupo hapa, msalimie."

Nilisikia watu wakipita, na kengele mbali. Halafu ile sauti yangu ikasema, "Mwambie begi lake ni zuri. Mkanda wa kushoto nimeushona."

Nilimpokonya mama simu. Nilipiga kelele kwamba arudishe pasipoti yangu, arudishe mvua yangu, mvua ile ilikuwa ininyeshee mimi! Mama akaichukua simu mkononi mwangu, taratibu.

"Usimfokee," akaniambia. "Yuko ugenini peke yake."

Unaelewa? Miaka yote ile nilikuwa nasubiri mtu aniambie maneno hayo. Huruma kidogo tu, kwa msichana aliye ugenini peke yake. Yakasemwa, na hayakuwa yangu.

"Tena unalalamika nini?" mama akaongeza. "Mmoja kaenda, mmoja yupo. Mimi sijapoteza mtu."

Alipiga simu kutoka Ufaransa. Alipiga simu kutoka Uhispania, akaeleza jinsi mashamba ya alizeti yanavyoinamisha vichwa. Alieleza vizuri, nitakubali, alieleza kama ambavyo ningeandika. Mjini watu wakanisifu: siku hizi umetulia. Halafu jioni moja akapiga kutoka Lisboni. Amefika mwisho wa nchi, ameona bahari, amechoka.

"Mayu, narudi nyumbani."

Jioni ileile mama akapakua ugali na mlenda, akaweka sahani kizingitini, akaita jina langu, akafunga mlango. Mimi nilikuwa upande wa nje.

Nilijua sheria kuliko mtu yeyote. Safari iliyokuwa kwenye sahani ile haikuwa ya kwenda tena. Ilikuwa ya kurudi. Nikakaa chini, nikanawa, nikala mpaka nikaifuta sahani kwa kidole.

Sasa anapiga simu analia. Anasema kila akipanda gari la kwenda uwanja wa ndege anajikuta ameshushwa palepale, mbele ya maji. Mama huongea naye kwa sauti ya chini, kisha hukaa uani bila kuwasha taa. Haniulizi nani anakula sahani. Anajua. Hatimaye amepoteza mtu, na ananitazama kama mimi ndiye niliyekuja kutoka barabarani.

Nami sikupona. Safari ya kurudi niliyokula imo tumboni. Nikipanda basi la Mwanza, nikifumba macho kidogo tu, kondakta ananigusa bega: dada, umefika. Nafungua macho, ni stendi ya Bariadi. Nimejaribu kwa bodaboda, nimejaribu kwa miguu. Lile kalavati silivuki.

Basi wewe mwenye begi lako na ramani yako, nisikilize. Ukitaka kwenda, nenda. Usifanye mazoezi ya kuondoka. Usimwambie anayekupenda akuhesabu huko wakati miguu yako iko hapa, maana kuna kinachosikiliza, nacho kina njaa. Na kabla hujatoka mlangoni piga magoti, hata kama magoti yanauma, hata kama umekasirika.

Ukisema nimemfanyia ukatili yule wa Lisboni, sitabishana nawe. Jua linazama. Mama ameshapakua, ameita, amefunga mlango. Sauti yake ilipolitaja jina langu ilitetemeka, na najua hakuwa ananiita mimi.

Nanawa mikono.