Bega Lililokaa Chini ya Kanzu

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua, katika shamba la minazi nyuma ya mtaa wa Dunda. Nilikuwa karibu na kilele, mkono wa kulia umeshika kuti juu ya kichwa changu, mguu ukateleza kwenye kidato kilichochongwa shinani. Mwili wote ukaning'inia kwenye mkono ule mmoja, ukazunguka, nikasikia kitu kikichomoka begani. Nilishuka kwa mkono wa kushoto na magoti, ngozi ya kifua ikabaki kwenye shina.

"Bwana harusi huyo!" wakwezi wenzangu wakacheka. "Kapanda na mchumba kichwani!"

Nilikuwa nimeposa kweli, na ndoa ingefungwa baada ya Idi. Mama wa mchumba wangu ndiye aliyekuwa akikanda watu viungo mtaani kwetu. Aliyeteguka hakwenda kwingine. Nilipelekwa kwake siku ile ile, nimevalishwa kanzu, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia kwenye kiwiko, maana ukiachwa uning'inie machozi yalinitoka.

Kijana havui nguo mbele ya mkwe. Yeye naye alikaa ubavuni, uso ameuelekeza mlangoni, akaingiza mkono wenye mafuta ya nazi ya moto kwenye shingo ya kanzu, akakanda bila kutazama.

"Inauma hapa, baba?"

"Kidogo, mama."

Iliuma hata nikaona giza.

"Mishipa imeshtuka tu. Mungu akipenda Ijumaa utakwea."

Ijumaa tatu zilipita. Nyumbani nilijivika mwenyewe, sikumwonyesha mtu. Nilipojipapasa nilikuta shimo chini ya ncha ya bega, na mbele, karibu na kwapa, uvimbe mgumu wa mfupa. Nilijua si mishipa. Lakini kwenda hospitali kulikuwa ni kumwambia mkwe kwamba mikono yake haijui kitu, nami hata shikamoo nilimwamkia nikitazama chini.

Vidole vilipoanza kufa ganzi, baba alinipeleka zahanati, kwa dresa afungaye vidonda na mifupa.

"Vua kanzu."

Hakunigusa. Alisimama mbele yangu, akatazama bega moja, kisha la pili. La kushoto lilikuwa la mviringo. La kulia lilikuwa bapa, limechongoka kama kona ya meza.

"Shika bega lako la kushoto kwa mkono wa kulia."

Mkono haukufika, na kiwiko kilikataa kugusa kifua.

"Limetoka hili. Mkono ukiwa juu, ukavutwa nyuma, kichwa cha mfupa huchomokea mbele. Tangu lini?"

Baba akamwambia.

"Wiki tatu! Na huyo aliyekukanda hakuwa na macho?"

Walinivuta watu wawili, shuka limepitishwa kwapani. Halikurudi. Siku ya kwanza, alisema dresa, lingerudi. Sasa mkono wangu haupandi kupita kifua.

Mshenga alikuja kabla ya Idi, akazungumza na baba barazani, nami nimekaa pale pale.

"Mama yake binti hana kinyongo," alisema. "Ila mkwezi asiyeinua mkono atamlisha nini mtoto wa watu? Na asema bega lile angelijua mapema, lakini kijana kila akiulizwa alijibu inauma kidogo."

Baba alinigeukia, akangoja niseme. Nilikuwa na maneno mengi.

"Ahsante, mzee," nikamwambia mshenga.