Tembo Ambaye Sikumwona Saadani

Mke wangu, Mama Zuhura, amezaliwa na kukulia Bagamoyo, na umri wake wote hakuwahi kumwona tembo ila kwenye noti ya elfu kumi. Kila likizo nilimwahidi kumpeleka hifadhi ya Saadani, kila likizo nikapata udhuru. Safari hii nilikubali mara moja hadi akashangaa. Sababu nilikuwa nayo, ila si ya kumwambia. Tangu mwaka jana daktari alikuwa amenieleza kwamba presha ya macho imeshanila pembeni: mbele naona, gazeti nasoma, lakini cha ubavuni, hasa wa kulia, siwezi kukiona. Akaniamuru niache usukani. Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Kerege. Sikuacha, na sikumwambia mtu. Nilitaka tu nimwone tembo kabla pazia halijafunga.

Jumamosi saa moja asubuhi tuliondoka kwa gari la shemeji yangu, jua limeshapanda, maana gizani sithubutu tena. Mama Zuhura alikaa kushoto kwangu, kama anavyokaa siku za shule. Yeye ni matroni wa basi letu, mwangalizi wa watoto. Aliiomba kazi hiyo mwaka jana akisema amechoka kukaa nyumbani na kuku.

Tangu Bagamoyo hadi Msata hakufunga mdomo. "Tazama huyo wa baiskeli kulia, mkaa wote ule!" "Masikini, mbuzi hao watavuka." "Mh, bodaboda huyo anakupita huyo, ana haraka ya nini?" Nikamtania kwamba redio ya gari ni mbovu lakini Mungu kanipa nyingine isiyozimika. Akacheka, akaendelea. Msata tulikunywa chai na chapati, tukakata kulia. Mandera tukaiacha lami, tukala vumbi la Miono.

Saa sita tulifika langoni. Askari wa hifadhi akainama dirishani. "Mzee, taratibu huko ndani. Tembo wanavuka popote, na sasa wana watoto." Nikamjibu kwa kujidai kwamba nina miaka ishirini kwenye usukani.

Tulifikia nyumba ya wageni ya Mzee Shomari, kijijini, karibu na vichanja vya samaki. Mwenyeji wetu alitoka kutulaki, nami nikampita. Nikasikia nyuma yangu: "Je, mgeni, mkono wangu una shombo?" Nikageuka. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa, upande wangu wa kulia.

"Msamehe, kaka," Mama Zuhura aliwahi. "Huyu bado yuko njiani, roho haijafika."

Nikaupokea ule mkono kwa mikono miwili, jasho likinitoka. Kerege wameshaanza kusema nina maringo, siitikii watu.

Jumapili asubuhi, kumeshapambazuka vizuri, tuliingia porini. Tuliona ngiri na swala. Mama Zuhura alianza tena: tazama hiki, tazama kile. Nikachoka. Nikamwambia, "Mama Zuhura, hebu nyamaza kidogo tuwasikie na ndege." Akanitazama kwa muda mrefu, halafu akanyamaza.

Hazikupita dakika tano. Mama Zuhura alipiga yowe, akavuta breki ya mkono, gari likasota na kuzimika. Nikageuza shingo kulia kutafuta kilichomtisha, na dirishani hapakuwa na pori. Palikuwa na ngozi. Ukuta wa ngozi ya kijivu yenye tope, na chini yake mtoto wake akiparamia ukingo wa barabara, hatua mbili mbele ya bampa yetu. Yule mama tembo alipiga masikio, akatushushia pumzi, akamsubiri mwanawe avuke, kisha akaenda zake.

"Hukumwona," Mama Zuhura alisema.

"Nimemwona."

"Baba Zuhura, ametembea uwanda mtupu tangu kule kwenye kichaka. Hukumwona."

Ndipo akasema lililonishtua kuliko tembo. "Najua tangu Ramadhani ya mwaka jana. Nilikikuta kichupa cha dawa ya macho kwenye boksi la spana. Unadhani nilitaka umatroni kwa sababu ya kuku?"

Kila "tazama" ya mwaka mzima ilinirudia sikioni, moja moja, na kila moja ilikuwa na mtoto wa mtu ndani yake. Mimi nilidhani naendesha. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme vipi? Mume wangu anaficha aibu yake, nimvue nguo mie? Nilikusitiri." Akaanza kulia. "Leo umeniambia ninyamaze, nikasema haya, labda anaona. Dakika tano tu."

Tulirudi kijijini mwendo wa kobe, sasa akiniongoza waziwazi: kulia mti, kushoto shimo. Mzee Shomari akatutafutia dereva, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa anarejea kwao, nami nikakaa kiti cha nyuma. Njia nzima niliwaza jambo moja. Tumefundwa kwamba mke na mume ni kusitiriana, na ni kweli. Lakini shuka letu sisi tulilitandaza hadi juu ya watoto ishirini na wawili wa basi ambao si wetu, na Jumatatu ilikuwa kesho.

Saa kumi na mbili jioni, Kerege. Hatukwenda nyumbani, tulibisha kwa Mwalimu Mkuu. Nilimweleza nikiwa nimesimama barazani: macho, daktari, mwaka mzima. Alinisikiliza hadi mwisho, akamgeukia Mama Zuhura, akarudi kwangu.

"Mkeo alijua?"

Uongo ulishafika mdomoni. Nimjibu kwamba hakujua. Ingekuwa zamu yangu kumsitiri, na kazi yake ingebaki.

"Nilijua, mwalimu," Mama Zuhura alinitangulia. "Tangu Ramadhani."

Mwalimu Mkuu akaketi polepole kwenye ngazi. "Mjukuu wangu anapanda basi lile," alisema, bila kupandisha sauti. Tukabaki pale mbele yake, mimi na mke wangu, hatuna cha kujifunika.