Maji ya Mama Mkwe wa Misima

Mke wangu Zaina ndiye aliyenituma. Nilipewa siku moja: niende Misima, kule Handeni, nimlete mama yake Korogwe kabla Baraza la Handeni halijapiga kura. "Ukirudi bila mama," alisema, "usinieleze sababu." Sababu anaijua. Amelala nayo kitanda kimoja miaka kumi na tisa.

Kwa msomaji asiyeijua mipaka yetu: babu zetu walipounganisha nchi zao kuwa Shirikisho, Handeni ilikataa. Wazee wa kule walitaka suala la maji liandikwe kwanza. Wakaambiwa wasaini kwanza, maji yatazungumzwa baadaye. Hawakusaini, wakairudisha kalamu. Mpaka leo Handeni ni nchi ndogo yenye bendera yake na ukame wake, na maji inayokunywa yanasukumwa kwa bomba kutoka mto Pangani, upande wetu. Mimi ni fundi wa pampu hiyo. Wiki tatu nyuma injinia alikuja na amri ya mdomo: nizime, na kila asubuhi niandike kwenye daftari la zamu kwamba pampu ni mbovu. Kura ya kuingia Shirikisho ilikuwa inakaribia, na wakubwa waliona mtu mwenye kiu habishani sana. Nikazima kwa mkono wangu huu. Nikaandika "mbovu" mara ishirini na moja, tena kwa mwandiko mzuri.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Manundu, mtaa wetu wa Korogwe, kwa pikipiki, nyuma nimefunga dumu la lita ishirini limejaa maji. Mimi ni Msambaa wa Bungu, nimezaliwa maji yakipita nyuma ya jiko, na sikuwahi kufikiri ipo siku nitayabeba kama zawadi. Darajani askari wetu aligonga dumu kwa kidole.

"Haya hayavuki."

"Ni ya mama mkwe, afande. Mtu mzima."

"Hata angekuwa mama yangu. Mwaga."

Sikubisha. Nilifungua mfuniko nikamwaga pale pale kwenye lami, yakatiririka kurudi mtoni yalikotoka. Askari alinisaidia kuinamisha dumu lisibaki hata kidogo.

Upande wa pili kulikuwa na mama mmoja mwenye sare ya Handeni iliyopauka, midomo imemkauka. Aliniuliza naenda kwa nani, nikamwambia ukweli. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia fundi baiskeli. Akaniangalia mikono, yenye grisi iliyoingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Siku zile ilikuwa inasemwa kwamba mtu wa pampu akionekana kule harudi na meno yake.

"Baiskeli," alirudia. Akagonga muhuri. "Haya, mkwe. Utatusamehe, maji ya kunawa hatuna."

Saa tatu, nikiwa nimeipita Sindeni, nilisimama barabarani kupisha ng'ombe. Walikuwa wamelizunguka bomba la kijiji, wanalilamba chuma. Mchungaji wao, Mmasai wa makamo, hakuwafukuza. Aliangalia namba ya pikipiki yangu.

"Wewe umetoka Korogwe. Mto umekauka?"

"Haujakauka."

"Basi," alisema, akaendelea kuwaangalia ng'ombe wake.

Saa nne na nusu nikafika Misima. Shemeji Athumani, mdogo wake Zaina, alinipokea uani akiwa na sare ya mgambo na rungu mkononi, maana zamu yake ilikuwa kulinda tangi tupu la maji lisije likaibiwa mabati yake. Tulisalimiana vizuri. Kwa heshima ya ukwe, mama yake, Bi Mwanahamisi, hakutoka. Tangu nimuoe Zaina tumezungumza hivyo: mimi uani, yeye ndani nyuma ya pazia, hatutazamani usoni. Nikainama upande wa mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Athumani alinivutia kigoda. "Wanasema pampu ni mbovu," alianza. "Shemeji, wewe si uko kulekule? Hujamsikia huyo fundi wake?"

Nikajibu kwamba Korogwe ni kubwa. Uongo ukianza kazi haupumziki.

"Nikimpata simpigi. Namfungia humu siku tatu, koo kavu, kisha namuuliza kama pampu imepona."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Athumani, nenda kwa jirani ukaniombee kuni."

Alipoondoka, pazia likasogea, na mama mkwe wangu akatoka nje. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Zaina kachukua macho yake. Nikataka kuinuka nikimbie kwa aibu. Alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili.

"Zaina aliniambia kwa simu wiki ile ile ya kwanza maji yalipokatika," alisema. "Kunywa."

"Mama, siwezi."

"Mgeni wa nyumba hii hanyimwi maji. Hata aliyeyafunga."

Yalikuwa maji ya lambo, yamechujwa kwa kanga, na nyuma yake niliuona mtungi mtupu umelazwa ubavu. Nilikunywa. Yalikuwa na ladha ya udongo na moshi. Nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Nilipoweza kusema nilimwomba twende Korogwe. Alikataa.

"Nikivuka leo, kesho watatangaza kwamba hata vikongwe wanalikimbilia Shirikisho. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliorudisha kalamu. Sitaki kumwaibisha kwa ajili ya kiu." Akakichukua kikombe mkononi mwangu. "Niambie mimi. Ile pampu ni mbovu?"

"Hapana, mama. Ni nzima."

"Basi neno hilo kaliseme na kwenu, hivyo hivyo. Kuiwasha sikutumi, watakufunga, mwanangu awe mjane na mume yu hai. Lakini ukweli hauhitaji umeme."

Athumani alirudi na kuni. Alimwona mama yake amesimama mbele ya mkwe wake bila pazia, akaona kikombe, kisha akaniangalia mikono. Kuni zikamdondoka.

"Shemeji, miaka yote hii hujatuambia unafanya kazi gani."

Ningeweza kusema baiskeli. "Ni mimi," nikamwambia.

Akainua rungu. Mama hakupiga kelele. Alijiweka katikati yetu na kusema, "Amekunywa maji ya nyumba hii." Athumani akalishusha rungu. Kisha akaliokota dumu langu tupu nililolishusha uani, akalifunga kwenye pikipiki, akakaza kamba mpaka plastiki ikabonyea.

"Ukija tena lije limejaa," alisema. "Usije nalo hivi."

Saa kumi jioni nilivuka daraja. Askari alicheka kuniona narudi na dumu tupu. Nyumbani Zaina alikuwa mlangoni, akatazama nyuma yangu, hakuna mtu. Nikakumbuka kwamba sababu hazitakiwi.

"Alikupa maji?" aliuliza.

"Alinipa."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

Akaketi kizingitini akajifunika uso na mtandio. Nilikaa karibu naye mpaka adhana ya magharibi.

Asubuhi yake nilifungua daftari la zamu nikaandika: "Pampu nzima. Imezimwa kwa amri." Nikatia sahihi, jina kamili. Injinia alisoma mara mbili, akanisogezea kalamu nisahihishe. Nikairudisha. Aliniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia jana nimesafiri, nimefika kwa watu walioambiwa wasaini wakakataa, na bado wanaamka asubuhi na kumkaribisha mgeni.

Kazi sina tena. Ukurasa ule aliuchana, lakini fundi wa zamu ya pili alikuwa ameshausoma, na sasa Manundu nzima inajua pampu ni nzima. Kura ni keshokutwa. Dumu nimelisuuza na kulijaza, liko mlangoni, na Zaina ameshalitafutia kamba mpya.