Isihaka, Fundi Anayeipima Bastola kwa Ukucha

Isihaka haziamini bastola zinazong'aa. Iliyo mezani kwake asubuhi hii inang'aa kama sahani mpya, naye anaigeuza polepole huku mwenye kuileta akisubiri sifa.

Ni Nachingwea, mwaka 1951, ndani ya karakana ya mradi wa karanga. Isihaka hukagua silaha za walinzi: hutazama chuma kilivyokatwa na kulainishwa, kisha husema ipi inafaa kazini. Aliyeileta hii ni Seleman, mlinzi wa malori ya Ruangwa, mume wa dada yake. Lori linaondoka saa sita.

“Shemeji, leo huna la kusema,” Seleman anatamba. “Hata uso unajiona humo.”

“Uso wako nimeuchoka tangu ulipokuja kuposa.”

Isihaka anapitisha ukucha kwenye namba zilizochongwa ubavuni. Kingo zake zimelala, ukucha haunasi.

“Nani kaisugua?”

“Mimi. Majivu na mafuta ya ufuta, kama gobore la baba.”

Kwao Mbekenyera ndivyo ilivyo. Gobore husuguliwa kabla ya msimu wa kuwinda nguruwe, na lenye kutu ni aibu ya nyumba nzima. Isihaka, mtoto wa mhunzi, alilelewa hivyo hivyo.

“Na ndani?”

“Ndani nilitia msasa. Mimi si mvivu.”

Isihaka anahakikisha haina risasi, anaifungua, anapaka masizi ya taa ya chemli pale chuma kinapogusana na chuma. Anaifunga, anaichezesha, anaifungua tena. Masizi yamefutika upande mmoja tu: vyuma havigusani sawasawa. Jino dogo linaloishika nyundo, ambalo hutakiwa kuwa na ncha kali, limeviringika kama kokoto ya mtoni.

Anaivuta nyundo nyuma, kisha anaisukuma kidogo kwa dole gumba. Inaanguka. Kifyatulio hakijaguswa.

Seleman anatazama paja lake, pale bastola inapolala lori likirukaruka njiani.

“Rudia,” anasema. Inaanguka tena.

“Siipitishi.”

“Watanifukuza, shemeji.”

“Afadhali dada yangu Sabaha akupokee umefukuzwa kuliko umebebwa.”

Kabatini Isihaka anatoa nyingine, ya wakati wa vita, imejaa michirizi ya mashine kwa sababu kiwandani walikuwa na haraka. Ndani, masizi yanafutika sawasawa. Jino lina ncha.

“Mbaya hii,” Seleman ananung'unika. “Wenzangu watanicheka.”

“Wacheke. Wewe panda lori.”

Saa sita anapanda, bastola yenye michirizi pajani.

Mradi unayumba na mafundi wanapunguzwa. Isihaka anajua zamu yake inakuja, na anatamani karakana yake mwenyewe Ruangwa, ya magobore na baiskeli. Lakini kwanza amewaita walinzi wote Jumamosi, kila mtu na silaha yake.

“Hawa si wavivu, na hatari iko hapo,” anajisemea. “Nataka kila mmoja aliguse lile jino, limchome kidole. Akishajua kazi ya jino hilo, hatalisugua.”