Swali Nililowakataza Wanafunzi Wangu

Jamani, kosa ni langu. Msinitafutie sababu, maana nimeshajitafutia zote na hakuna hata moja iliyonirudishia usingizi.

Nafundisha saikolojia chuoni, huku Lushoto. Wanafunzi wangu wanakwenda kuwa washauri nasaha mashuleni, hospitalini, na siku hizi hata viwandani. Zamani nilikuwa nawapeleka vijijini kufanya mazoezi na watu wenye shida za kweli. Kisha mzee mmoja wa kanisani kwetu akanisimamisha baada ya ibada. "Mwalimu, binti wa umri wa mjukuu wangu ananiuliza kama nafikiria kufa? Hivi ndiyo adabu mnayowafundisha?"

Aibu niliyoipata siku ile! Sisi Washambaa tumelelewa hivyo: mkubwa unampa shikamoo yake, mambo yake ya ndani huyachokonoi. Basi nikafuta mazoezi. Wakawa wanafanyiana wenyewe darasani, mmoja mgonjwa, mwingine mshauri, huku wanacheka. Swali lile nikawaambia waliandike kwenye mtihani, lakini mbele ya wazee walimeze.

Rehema, ambalo si jina lake, ndiye pekee aliyebisha. "Sasa mwalimu, mzee wa hivyo akinijia nimfanyeje?"

"Msikilize, mheshimu, yatosha," nilimjibu, tena kwa ukali.

Akapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha chai. Nilijivuna mno, nikamtangaza kila nilikopita. Haukupita muda akaingia ofisini kwake mzee wa kitengo cha kukausha majani, aliyekuwa amefiwa na mkewe. Rehema akamwamkia, akampa kiti.

"Mwanangu, nimechoka," mzee akasema. "Natamani nimfuate mama yao."

Rehema anasema swali lilimfika mdomoni, akaona ni kumvunjia heshima. Akamwambia, "Pole baba, Mungu yupo." Mzee akashukuru, akaaga vizuri, akaenda zake.

Hakurudi tena kazini. Alijitoa uhai.

Niliposikia, nilimfuata Rehema kwao Mtae. Ameacha kazi, analima viazi na mama yake. Alinipa shikamoo huku ameshika jembe. Nikaanza kumfariji kwa maneno yangu ya darasani, akanikatiza taratibu.

"Mwalimu, swali nililijua. Kwenye mtihani ulinipa alama zote. Ila nilikuwa sijawahi kulitamka mbele ya mtu mzima hata mara moja."

Nililia palepale shambani, mtu mzima mimi. Yeye akanipa pole, akaendelea kulima. Nimeshamwomba arudi hata anisaidie kufundisha, hataki. Nimeua kipaji cha mtoto wa watu, na yule mzee hatarudi.

Walimu wenzangu, wapelekeni vijana kwa watu wakingali mikononi mwenu. Wazoesheni kuuliza kwa heshima zote, na kwa Kishambaa kama ndiyo lugha ya huyo aliyeketi mbele yao. Wazee wakilalamika, kaeni nao muwaeleweshe. Mimi nilikimbia lawama ya dakika chache, sasa nimebeba hii.

Na wewe unayesoma, ukisikia mtu wako anasema amechoka, usimpe pole ukaondoka. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa, kisha msiachane mpaka mpate msaada. Swali halimtii mtu wazo la kufa. Yule mzee alikuja mwenyewe, akaketi, akasema. Alikuwa anangoja tu aulizwe.