Blanketi la Baba na Mpapai wa Mama

Siku ya arobaini ya baba, baada ya dua na chakula, kaka yangu alivitoa vyombo vya baba vya machimboni akavipanga uani tugawane. Shamba na mikorosho vilikwisha gawanywa mbele ya shehe. Hivi vilikuwa vitu vidogo tu: sururu mbili, sepetu, karai, pampu ya maji isiyowaka, na blanketi la kijivu lililokakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa.

Kaka alichukua pampu na sururu. Baba mdogo alichukua sepetu. Lile blanketi kaka alilisukuma kwa mguu.

"Hili katupeni."

"Nalitaka mimi," nikasema. "Na karai."

Nilisema chinichini mpaka mama akaniuliza mara mbili. Kaka akacheka. "Jamani, mdogo wangu karithi blanketi! Mposaji akija tutamwambia alete kitanda tu, la kujifunika lipo."

Uani kote wakaangua kicheko. Niliinamisha kichwa, wala sikueleza kwa nini nalitaka. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilikuwa nimefuatana na baba machimboni upande wa Ruangwa mara nyingi, nikimtekea maji. Alikuwa anaosha mchanga kwenye ubao uliolala kwa mteremko, juu yake ametandika blanketi lile. Maji yanashuka na mchanga. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, inanasa kwenye manyoya. Jioni analisuuza kwenye beseni. Aliwahi kuniambia blanketi huwa halitoi dhahabu yote, na kwamba siku likichakaa kabisa atalichoma aoshe majivu yake. Hakuifikia siku hiyo.

Kabla watu hawajatawanyika kaka akasema jambo jingine. Paa letu la nyasi hapa Lionja lilikuwa limeoza, na bati hatukuwa na uwezo wa kuzinunua. "Mvua zikianza, mama anahamia kwangu Likunja. Nyumba hii itamwangukia."

Mama hakubisha. Aliendelea kuokota sahani. Lakini nyumba ile aliikandika udongo kwa mikono yake, na kaburi la baba lipo nyuma yake, hatua chache. Usiku ule nilimsikia akigeukageuka kitandani mpaka majogoo.

Asubuhi nikaenda kuokota korosho. Njia nzima nilikuwa napanga: nikirudi nitalichoma blanketi kwenye karai, taratibu, mahali pasipo na upepo. Niliporudi mchana nililikuta kwenye kamba. Safi. Linachuruzika maji.

"Umeona lilivyotakata?" mama alisema, anajifuta mikono. "Kitu cha marehemu hakirithiwi na uchafu, mwanangu. Nimelifua mara tatu, na sabuni ya unga."

Nikalikimbilia. "Maji umemwaga wapi?"

"Kwenye mpapai. Nimwage wapi tena?"

"Yote?"

"Kwani nyie maji ya kufulia mnakunywa?"

Nikakaa chini nikalia, na katikati ya kulia nikamweleza yote: ubao, manyoya, majivu. Mama alisikiliza, beseni bado mkononi.

"Sasa mbona hukusema?"

Nikajifuta machozi.

"Baba yako naye alikuwa hivyohivyo. Jino lilimuuma wiki nzima, mimi nadhani kaninunia."

Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Na ni pale nilipokuwa nautazama mpapai, na udongo wake bado umelowa, nikakumbuka kitu ambacho baba alikirudia kila siku: dhahabu ni mvivu, ikiangushwa inalala palepale. Haitembei na maji kama mchanga. Mama alimwaga mahali pamoja, mara tatu, pale chini ya shina.

Nilianza kuchota udongo wa juu kwa kijiko na upawa. Mama akaleta viroba. Siku ya pili kaka akafika na pikipiki kubeba vyombo vya mama vya kwanza, akatukuta tumepiga magoti.

"Mnamzika nani?"

"Tunachimba," mama akasema.

"Machimbo ya mapapai! Haya, mkipata madini ya maembe mniite." Lakini alikaa kwenye kinu kutazama.

Blanketi nililichoma likiwa vipande vipande ndani ya karai, nimekinga upepo kwa mabati mawili mabovu ya choo. Majivu yote, hata yaliyoganda pembeni, niliyakwangua nikayachanganya na udongo wa mpapai. Kisha nikaosha kidogokidogo kwa siku nne, maji nayatoa kisimani mwenyewe. Unazungusha karai, mchanga mwepesi unatoka, mzito unabaki. Mwisho ukabaki mchanga mweusi tu. Nikaupitishia sumaku ya spika ya redio mbovu, mweusi ukarukia sumaku.

Chini palikuwa na vitu vya njano vinavyometa.

Kaka, aliyekuja tena kuchukua kabati, akachutama karibu. "Huo ulanga tu. Hata barabarani umejaa."

"Lete nyundo," nikamwambia. "Dhahabu haivunjiki, inalala."

Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamuru. Akaleta. Niliweka chembe moja juu ya bapa la shoka nikaigonga. Ikasambaratika ikawa unga.

"Si nilisema?"

Niliweka ya pili. Nikagonga. Haikuvunjika. Ililala, ikatandazika kama punje ya ufuta iliyokanyagwa, njano ileile. Ya tatu ikalala. Ya nne ikalala. Kaka akaninyang'anya nyundo akagonga mwenyewe, akagonga tena, kisha akaiokota chembe ile kwa ncha ya kidole akairudisha karaini.

"Kabati lirudishe ndani," mama akasema.

Tulikwenda Ruangwa mjini, kwenye soko la madini, mimi na mama. Mnunuzi alichungulia karatasi yangu ya daftari akasema ni takataka nyingi, atatupa bei ya pamoja, tusihangaike. Nikasema, "Yeyusha kwanza, ndugu. Tutazame."

Akanitazama. Akanyunyizia unga mweupe wa kusafishia, akawasha moto wa gesi. Uchafu ukaelea na kujitenga, katikati pakabaki tone linalong'aa, linazunguka. Lilipopoa lilitoshana na punje ya mbaazi. Akalipima, na uso wake ukabadilika.

"Mmelitoa shimo gani hili?"

"Kwenye mpapai," nikasema.

Akadhani namficha, akacheka. Mama naye akacheka mpaka akashika meza. Yalipatikana mabati ya nyumba nzima, na misumari.

Kaka ndiye aliyepanda juu kuyapigilia. Mama alisimama chini akimsimamia: "Taratibu, hiyo nyumba ina mwenyewe!" Na kaka akawa anajibu, "Ndiyo, mama mwenye nyumba."

Mvua ya kwanza ilishuka siku mbili baadaye. Ilipiga bati kwa kishindo mpaka hatukusikilizana. Mama alikuwa jikoni, akaniuliza jambo. Nikamjibu. Hakusikia.

"Sema kwa nguvu!" akapiga kelele.

Nikavuta pumzi nikapiga kelele mimi pia: "Nimesema haivuji! Hata tone!"

Mpapai ulipukutisha majani kwa kuchimbuliwa, lakini haukufa.